Awraq: Neno la Rangi Lililomsitiri Mama



Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), enyi mama zetu, dada zetu na ndugu zetu wasomaji, wiki hii tumelichagua neno dogo lenye herufi nne tu za Kiarabu: alif, waw, ra na qaf. Neno hilo ni awraq. Ni sifa ya rangi, na si katika rangi zile ambazo mtoto wa madrasa hufundishwa mwanzo. Yeye husoma abyadh, aswad na ahmar, akaongeza akhdhar na asfar, kisha akaendelea na somo jingine. Awraq yaweza kumpita umri wake wote. Hata hivyo, neno hili liliwahi kuwekwa baina ya mume na mkewe, na baina ya mtoto mchanga na nasaba yake, likaizima tuhuma kabla haijawa moto. Kwa hiyo si neno la wanafunzi wa lugha peke yao. Ni neno la kila nyumba anamozaliwa mtoto.

Kisa chake kimepokewa na Abu Huraira (R.A.), nacho kimo katika Sahihi zote mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Mtu mmoja wa jangwani, wa kabila la Banu Fazara, alimjia Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Hakuongeza neno. Hakusema kuwa mkewe amezini, wala hakusema kuwa mtoto si wake. Lakini kauli yake ilikuwa na fumbo ndani yake, na moja katika riwaya za Muslim yaeleza wazi kuwa mtu yule alikuwa akidokeza kumkana mtoto.

Mtume (S.A.W.) hakumkemea, wala hakuagiza mwanamke yule aletwe ahojiwe. Alimuuliza kama ana ngamia. Bedui akajibu kuwa anao. Akamuuliza rangi zao, naye akasema ni wekundu. Akamuuliza tena iwapo miongoni mwao yumo aliye awraq, naye akakiri kuwa wamo. Ndipo alipomuuliza ngamia hao wameipata wapi rangi hiyo. Bedui akajibu kuwa huenda ni mshipa wa asili uliowavuta. Mtume akamrudishia jibu lake mwenyewe, kwamba na mwanawe naye huenda amevutwa na mshipa wa asili. Mazungumzo yakaishia hapo, na katika riwaya ile ile ya Muslim imeelezwa kuwa hakumpa ruhusa ya kumkana mtoto.

Sasa tuliangalie neno lenyewe. Awraq ni rangi gani?

Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ameeleza kuwa awraq ni yule mwenye weusi usio safi, na kwa ajili hiyo jivu huitwa awraq, na njiwa huitwa warqaa. Anayetaka kuiona rangi hii hana haja ya kwenda jangwani. Na alitazame jiko la makaa asubuhi, baada ya moto kuzimika. Kile kilichobaki si cheupe wala si cheusi, bali kimechukua sehemu huku na sehemu kule. Au na amtazame njiwa wa kijivu atuapo kwenye dari ya msikiti. Hiyo ndiyo awraq: rangi ya katikati, iliyo na weusi ndani yake lakini weusi umevikwa vumbi.

Kwa umbo lake, neno hili limefuata mwendo wa sifa nyingine za rangi katika Kiarabu. Kama vile husemwa ahmar kwa dume, hamraa kwa jike na humr kwa wengi, ndivyo husemwa awraq, warqaa na wurq. Al-Asmai, bingwa wa lugha aliyekusanya mengi katika maneno ya Waarabu wa jangwani, amesema kuwa ngamia awraq ni yule ambaye weupe wake unaelekea kwenye weusi, na kwamba nyama yake ndiyo tamu kupita ngamia wengine, ila hasifiwi kwa kazi wala kwa mwendo. Tulishike jambo hili, maana tutalirudia.

Ama asili ya neno, hapa pana mtego kwa mwanafunzi mwenye haraka. Akilitazama awraq ataona ndani yake herufi za waraq, yaani majani ya mti, naye atakimbilia kusema kuwa awraq ni rangi ya majani, yaani kijani. Hapo atakuwa ameteleza. Ibn Faris, mwanachuoni aliyefariki mwaka 395 Hijria, aliandika kamusi iitwayo Maqayis al-Lugha kwa lengo la kuyarudisha maneno kwenye mashina yake. Alipofika kwenye herufi hizi tatu, waw, ra na qaf, alisema kuwa zina mashina mawili. La kwanza laonyesha kheri na mali, na chanzo chake ni majani ya mti. La pili laonyesha rangi inayofanana na jivu.

Shina la kwanza tunalijua vizuri hata sisi tusiosema Kiarabu. Humo ndimo lilimotoka wariq, yaani fedha iliyopigwa sarafu, neno lililomo katika Sura ya al-Kahf pale vijana wa pangoni walipomtuma mwenzao mjini kununua chakula. Humo pia ndimo lilimotoka waraqa, jani la mti na jani la kuandikia, nasi Waswahili tukalipokea tukasema waraka, na zikiwa nyingi nyaraka. Kila mama anayehifadhi nyaraka za nyumba katika sanduku lake ameshika tawi moja la shina hilo.

Shina la pili ndilo la neno letu. Humo mna jivu, mna njiwa, mna ngamia wa rangi ya vumbi. Waarabu waliuita hata mwaka usio na mvua kwa jina hili, wakasema mwaka awraq, kwa sababu ardhi isiponyeshewa hufifia ikawa kama jivu. Ajabu ilioje, herufi zile zile upande mmoja ni jani bichi na upande wa pili ni ukame! Basi mwenye kutafuta maana asitosheke na sura ya neno. Maneno mawili yaweza kufanana kwa herufi na asili zao zikawa mbali, na watu wawili waweza kutofautiana kwa rangi na asili yao ikawa moja.

Lugha yetu nayo ina njia yake katika jambo hili. Sifa za rangi zenye kuchukua viambishi katika Kiswahili ni tatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine zote tumeziazima kutoka kwenye vitu. Kijani ni cha jani, kijivu ni cha jivu, manjano ni bizari, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Kwa hiyo awraq kwa Kiswahili ni mwenye rangi ya kijivu, na sisi na Waarabu tumekutana kwenye jiko lile lile. Na kwa ngozi ya mwanadamu tunayo rangi ya katikati tuliyoipa jina kutoka jikoni vilevile: mtu mwenye rangi ya maji ya kunde. Mwenye kuijua sufuria ya kunde anajua kuwa maji yake hayafanani kila siku. Yapo mazito, yapo mepesi, na yote ni maji ya kunde.

Tukishafahamu hivyo, ndipo tunapoiona hekima ya Mtume (S.A.W.) kuuliza juu ya rangi hii hasa, asiulize kama kuna ngamia mweusi au mweupe. Kundi la bedui yule lilikuwa la ngamia wekundu, na ngamia wekundu ndio waliokuwa mali ya thamani kubwa kwa Waarabu. Katikati ya wekundu hao hutokea awraq, ambaye hakuna aliyemtarajia. Ni rangi ambayo mchungaji huiona kwa macho yake, kizazi kwa kizazi, hata hahitaji kuelezwa na mtu. Anajua kuwa mama wa ngamia huyu ni mwekundu na dume aliyempanda ni mwekundu. Naye hamfukuzi kundini, wala hasemi ngamia huyu si wangu. Anasema tu kuwa yuko babu wa nyuma aliyemvuta.

Na kumbuka aliyoyasema al-Asmai, kuwa awraq hakusifiwa kwa mwendo wala kwa kazi. Pamoja na hayo mwenyewe humhesabu katika mali yake. Ikiwa mtu anampa mnyama asiyesifiwa dhana njema kuhusu nasaba yake, vipi atamnyima dhana hiyo mke wake aliyemwoa kwa ahadi ya Mwenyezi Mungu, na mtoto aliyezaliwa kitandani mwake? Mtume hakuitamka hoja hii kwa ukali. Aliiacha itoke kinywani mwa bedui mwenyewe. Mtu akikemewa huenda akanyamaza na shaka ikabaki moyoni. Lakini akijijibu mwenyewe, shaka hukosa pa kukaa.

Neno alilolitumia bedui, 'irq, nalo lafaa kuangaliwa. Maana yake ni mshipa, na pia ni mzizi wa mti. Mzizi hauonekani, lakini matunda yanatoka kwake. Leo wataalamu wa elimu ya viumbe wanatueleza kuwa rangi ya ngozi haitegemei kitu kimoja, bali jeni nyingi ambazo mtoto huzipokea kwa baba na kwa mama, nao wawili walizipokea kwa waliowatangulia. Kwa hiyo yawezekana mtoto akawa mweusi kuliko wazazi wake wote wawili, au mweupe kuliko wote wawili. Tena mtoto hazaliwi na rangi yake kamili. Rangi huendelea kukolea wiki na miezi baada ya kuzaliwa. Nyanya zetu walilijua hili bila ya kusoma maabara, ndiyo maana humtazama mtoto mchanga ncha za masikio na mizizi ya kucha.

Sheria nayo imejengwa juu ya msingi huu. Imamu Bukhari aliiweka hadithi hii katika Kitabu cha Talaka, chini ya mlango unaomhusu mtu anayedokeza kumkana mtoto. Imamu Nawawi akaeleza kuwa mtoto ni wa mume hata rangi zao zikitofautiana, na kwamba si halali kwa baba kumkana kwa sababu ya rangi peke yake. Ni mamoja baba akiwa mweupe na mtoto mweusi, au kinyume chake. Hata wazazi wote wawili wakiwa weupe akazaliwa mweusi, hukumu ni hiyo hiyo, kwa kuwa mshipa wa mababu waweza kumvuta.

Ama kumtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi bila ya mashahidi wanne, adhabu yake imo katika Sura ya an-Nur, nayo ni mijeledi 80 na kukataliwa ushahidi. Maimamu wakajadiliana juu ya mwenye kudokeza asiyetamka wazi. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata pwani hii, aliona katika kisa cha bedui dalili kuwa dokezo si sawa na tamko la wazi katika kupasisha adhabu. Imamu Malik akaona kuwa dokezo likieleweka kuwa ni tuhuma, mwenye nalo huadhibiwa. Lakini asije mtu akadhani kuwa kauli ya Shafi ni ruhusa ya kupiga mafumbo. Kukosa mijeledi duniani si kukosa hesabu mbele ya Mwenyezi Mungu.

Nalitaja hili la mafumbo kwa sababu sisi watu wa pwani ni mabingwa wa mafumbo. Tunayo hata kwenye leso zetu. Mtu aweza kumaliza ugomvi au kuuanzisha kwa jina la leso aliyojifunga, bila ya kufungua mdomo. Ufundi huo una uzuri wake, lakini una mahali pake, na nyumba ya mzazi si mahali pake. Mwanamke amelala, hajamaliza arubaini yake, mwili unauma na usingizi ni wa kuibia. Wanaingia wageni kumtazama mtoto. Mmoja anamfunua uso, anamtazama, kisha anauliza kwa upole: huyu rangi hii ameitoa wapi? Pengine ni mavyaa, pengine ni wifi, pengine ni jirani tu. Watu wanacheka. Mzazi naye hucheka kwa kuona haya. Lakini neno limeshatoka, na limeshamfikia mume aliyeko barazani.

Swali hilo ndilo lile lile la bedui, ila bedui alilipeleka kwa Mtume akapata dawa, na sisi tunalipeleka ukumbini likazidi kuwa ugonjwa. Na sisi ndio watu tuliopaswa kustaajabu kwa uchache zaidi. Ni nani katika miji yetu, toka Lamu hadi Vanga, awezaye kudai kuwa mshipa wake ni mmoja? Nyumba moja utakuta babu alitoka Hadhramaut, nyanya ni Mdigo au Mgiriama, upande mwingine kuna Mbajuni, Mmanga au Mbaluchi. Kwetu sisi mshipa una pande nyingi za kuvuta. Mtoto akitoka na rangi ya babu wa nne ambaye hata picha yake hatunayo, amefanya nini cha ajabu?

Siku hizi limezuka na jambo jingine, la mume kudai kipimo cha DNA kwa sababu tu mtoto hakufanana naye. Na tujue kuwa Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu huko Makka, katika kikao chake cha 16 mwaka 2002, liliamua kuwa haifai kisheria kutegemea kipimo hicho katika kukana nasaba, wala kukitanguliza mbele ya liani, wala kukitumia kuchunguza nasaba ambayo imekwishathibiti. Kudai kipimo kwa sababu ya rangi ni fumbo la bedui lililovaa koti jeupe la hospitali.

Wala tusidhani kuwa maneno haya huwapata watu wanyonge tu. Yaliifikia nyumba iliyokuwa karibu kabisa na Mtume (S.A.W.). Zaid bin Haritha alikuwa mweupe, na mwanawe Usama alikuwa mweusi sana, kama alivyonukuu Abu Daud. Mama yake Usama alikuwa Ummu Ayman, Mhabeshi, aliyemlea Mtume tangu utotoni. Juu ya hayo yote, watu walisema. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa siku moja Mtume aliingia kwake uso wake ukimeremeta kwa furaha. Mtu mmoja aitwaye Mujazziz al-Mudliji, mjuzi wa kutambua nasaba kwa kutazama maungo, alikuwa amewapita Zaid na Usama wamejifunika nguo vichwa vyao, miguu iko nje, naye akatambua kuwa miguu ile imetokana yenyewe kwa yenyewe. Mtume hakuwa na shaka kabla ya hapo. Alifurahi kwa sababu midomo ya watu ilifungwa, na mama aliyemlea akasitirika. Na kijana yule yule aliyesemwa, Mtume alimkabidhi uongozi wa jeshi kabla hajatimiza miaka 20, na chini yake wakawamo masahaba wakubwa.

Basi nasaha zetu ni chache. Ewe baba, moyo wako ukikutikisika, fanya alivyofanya bedui: uliza mwenye elimu kwa faragha, usimuulize rafiki wa barazani. Ewe mavyaa, wewe ndiwe unayeijua mishipa ya nyumba hii. Ukimwona mjukuu ametoka na rangi isiyotarajiwa, uwe wa kwanza kumtaja babu aliyemfanana, maana neno lako litafunga milango ambayo mzazi hana nguvu ya kuifunga. Ewe dada unayekwenda kumtazama mzazi, beba dua na beba uji, na jicho lako likiona rangi, ulimi useme mashallah. Na ewe mama uliyeambiwa neno likakuchoma, jua kuwa mwanamke wa Banu Fazara hakuwapo barazani kujitetea, na hakuhitaji. Alitetewa na Mtume (S.A.W.) bila ya kuitwa, kwa neno moja la rangi ya ngamia.

Na watoto wetu tuwafundishe neno hili. Wakijifunza kuhesabu rangi kwa Kiarabu, baada ya abyadh na aswad, waongezwe awraq na waelezwe kisa chake. Watakua wakijua kuwa baina ya weupe na weusi Mwenyezi Mungu ameumba rangi nyingi, na kwamba kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu amekutaja katika Sura ya ar-Rum kuwa ni miongoni mwa ishara zake kwa wenye elimu. Ishara husomwa. Haifanywi tuhuma.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu, azihifadhi ndimi zetu, na awafanye watoto wetu kuwa vitulizo vya macho yetu, wa kila rangi. Amin.

Wabillahi tawfiq, wallahu a'lam.